Usakinishaji ukigoma kwenye Ubuntu: apt na dpkg, aptitude, Snap na Flatpak, au mfumo mpya?

Umeandika `sudo apt install`, mistari imeshuka ukurasa mzima, na mwisho umeachiwa `E: Sub-process /usr/bin/dpkg returned an error code (1)`. Programu uliyoitaka haipo, na sasa hata ukiomba nyingine isiyohusiana nayo, apt inakutajia kosa lilelile. Kuanzia hapa watumiaji wa Ubuntu hushika mojawapo ya njia nne: kutengeneza kwa apt na dpkg zenyewe, kuiachia aptitude itafute mchanganyiko mwingine wa vifurushi, kuikwepa apt na kuchukua programu kwa Snap au Flatpak, au kufuta kila kitu na kusakinisha mfumo upya. Zote nne zina mahali pake. Kinachoamua ni hatua gani usakinishaji ulikwamia, na bando ulilonalo.

Maelezo haya ni ya Ubuntu 22.04 na 24.04. Debian na Linux Mint zinafuata karibu yote, na pale zinapotofautiana tumetaja. Neno kifurushi hapa ni faili la `.deb` lenye programu. Data ya intaneti tumeiita bando, visichanganywe.

Kabla ya kuchagua: imekwama hatua ipi?

Usakinishaji hupita hatua tatu. Kwanza apt inakokotoa vitegemezi, yaani programu unayotaka inahitaji maktaba zipi na za toleo gani. Pili inapakua. Tatu inaikabidhi dpkg, ambayo inafungua vifurushi na kuvisanidi.

Makosa ya hatua ya kwanza ni `unmet dependencies` na `you have held broken packages`. Ya hatua ya pili ni `404 Not Found`, `Hash Sum mismatch`, `NO_PUBKEY` na `is not valid yet`. Ukikuta hayo, tulia: kwenye hatua hizi mbili hakuna kilichoguswa katika mfumo wako. Ni hatua ya tatu, ile inayotaja dpkg, ndiyo huacha kazi nusu.

Endesha amri nne zisizobadilisha chochote:

```
dpkg --audit
df -h / /boot
date
apt-mark showhold
```

Ya kwanza hutaja vifurushi vilivyofunguliwa bila kusanidiwa. Ikikaa kimya, dpkg yako ni nzima. Ya pili huonyesha diski iliyojaa. Ya nne huonyesha vifurushi vilivyozuiwa kupanda toleo. Ya tatu, `date`, hudharauliwa, na kumbe kwenye desktop za mtumba ndiyo hutoa jibu: betri ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa, saa inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika, na apt inaikataa hazina (seva ya mtandaoni inakopakua vifurushi) kwa sababu faili lake la `Release` linaonekana limeandikwa siku ambayo haijafika. Badilisha betri, kisha `sudo timedatectl set-ntp true`, na tatizo limekwisha bila kugusa kifurushi chochote.

Halafu fungua `/var/log/apt/term.log`. Mstari wa mwisho hausaidii, kwa kuwa ni matokeo tu. Panda juu hadi kosa la kwanza.

Vigezo

Tumezipima njia zote kwa mambo manne: je, inafika kwenye chanzo cha tatizo au inalizunguka, inakula bando na muda kiasi gani, inahatarisha nini, na inamfaa nani.

## 1. Kutengeneza kwa apt na dpkg

Inafika kwenye chanzo? Ndiyo, na ndiyo njia pekee kati ya hizi inayokuonyesha chanzo chenyewe. Kwa hiyo tutaikalia kidogo.

Umeme ukikatika katikati ya usakinishaji, apt itakwambia `dpkg was interrupted`. Dawa ni amri mbili, kwa mpangilio huu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
```

Ya kwanza humalizia vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa. Ya pili huleta vitegemezi vilivyokosekana, au huondoa kifurushi kisichoweza kukamilika. Soma orodha ya vitakavyoondolewa kabla ya kubonyeza Y.

Wakati mwingine kukatika kwa umeme huacha jeraha baya zaidi: `files list file for package 'fulani' is missing final newline`. Faili la orodha ya kifurushi hicho limejaa sifuri badala ya maandishi, na dpkg haisogei. Lihamishe kwa `sudo mv /var/lib/dpkg/info/fulani.list ~/`, kisha `sudo apt install --reinstall fulani`. Likiharibika faili kuu la `/var/lib/dpkg/status`, usikate tamaa: nakala yake ya mwisho ipo `/var/lib/dpkg/status-old`, na nyingine `/var/backups/dpkg.status.0`. Nakili mojawapo mahali pake.

Ukikuta `Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend`, ujumbe wenyewe unakutajia namba na jina la mchakato ulioshika kufuli, mara nyingi `unattended-upgr`, yaani masasisho ya usalama yanayojiendesha. Subiri. Ushauri wa kufuta faili la kufuli kwa `rm` umezagaa kila mahali, na ni mbaya. Faili hilo lipo wakati wote, hata pasipo usakinishaji wowote. Kinachozuia ni mchakato ulioshika kufuli, wala si kuwepo kwa faili. Ukilifuta, mchakato wa kwanza unaendelea na kazi, wa pili unaunda kufuli jipya, na yote miwili inaandika kwenye rekodi moja kwa pamoja. Hapo ndipo shida ndogo ya dakika kumi hugeuka kuwa shida ya siku nzima.

`/boot` ikijaa, kosa hutokea kerneli (kiini cha mfumo) mpya inapoingia: `update-initramfs: failed`, na juu yake `No space left on device`. Hii huwapata zaidi walioweka diski yenye usimbaji fiche, kwa sababu `/boot` yao ni kizigeu (sehemu ya diski iliyotengwa) cha peke yake na kidogo. Angalia kerneli inayotumika kwa `uname -r`. Hiyo usiiguse. Chukua ya zamani, mathalani `5.15.0-25`, na uhamishe faili lake kubwa:

```
sudo mv /boot/initrd.img-5.15.0-25-generic ~/
sudo dpkg --configure -a
sudo apt autoremove --purge
```

Nafasi ikipatikana, dpkg inamalizia kerneli mpya, na `autoremove` inaondoa za zamani ipasavyo. Ukimaliza, hakiki kwamba `/boot` ina `initrd.img` ya kerneli mpya kabla ya kuzima kompyuta.

`trying to overwrite ... which is also in package` maana yake vifurushi viwili vinagombea faili moja. Karibu kila mara kimoja kimetoka nje ya hazina ya Ubuntu, aidha PPA, yaani hazina ya ziada inayotunzwa na watu wengine, au `.deb` iliyopakuliwa mkononi. `dpkg -S /njia/ya/faili` itakutajia mwenye faili. Ondoa kile cha nje. Kama kilitoka kwenye PPA, `ppa-purge` hurudisha vifurushi vyake vyote kwenye toleo la Ubuntu.

Mwisho kuna kifurushi ambacho skripti yake ya usanidi inafeli kila mara, na ujumbe unataja `post-installation script`. Skripti ni faili la kawaida, `/var/lib/dpkg/info/fulani.postinst`. Lifungue usome linataka nini: mara huduma imekataa kuwaka, mara mlango wa mtandao umeshikwa na programu nyingine. Kifurushi kikigoma hata kuondoka, kiondoe kwa `sudo dpkg --remove --force-remove-reinstreq fulani`.

Bando na muda. Ni nafuu kuliko zote. Kumalizia usanidi hakuli data kabisa. `sudo apt update` baada ya kufuta orodha za `/var/lib/apt/lists` huchukua makumi ya MB. Jihadhari na `sudo apt clean` kama bando ni la kupimia: inafuta kila kilichopakuliwa, kizima na kibovu. Likiwa limeharibika faili moja tu, lifute hilo peke yake kutoka `/var/cache/apt/archives`. Muda ni dakika tano hadi saa moja, ukihesabu na kusoma.

Jambo jingine la bando ambalo wengi huliona kama ugonjwa wa kompyuta: data ikiisha katikati ya `apt update`, mtandao wa simu huweza kurudisha ukurasa wa kununua bando badala ya faili lililoombwa. Apt inaupokea ukurasa huo, inaukataa, na inaandika `Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)`. Hali ni hiyohiyo kwenye Wi-Fi ya hoteli kabla hujaingia. Fungua kivinjari kwanza, maliza mambo ya mtandao, ndipo urudi kwenye apt.

Hatari. Ndogo, mradi usitumie `--force-all` na usikubali orodha ya kuondolewa bila kuisoma. Ukiona `ubuntu-desktop`, `gdm3` au `network-manager` kwenye orodha hiyo, jibu n.

Inamfaa nani? Yeyote aliye tayari kusoma ujumbe wa kosa taratibu. Utaalamu hauhitajiki sana. Uvumilivu ndio unaohitajika.

## 2. Aptitude

Inafika kwenye chanzo? Kwa hatua ya kwanza tu, ile ya vitegemezi. Kama dpkg imeacha kazi nusu, aptitude haina dawa nyingine, tena Ubuntu haiji nayo: lazima uisakinishe kwa apt, na apt iliyokwama haitakubali.

Nguvu yake ni kwamba apt ikisema haiwezekani inaishia hapo, ilhali aptitude hupendekeza njia, na ukijibu n inakupa nyingine. Mfano mmoja unaonyesha uzuri na ubaya wake kwa pamoja. Kwenye 22.04 unaomba `libssl-dev`, apt inakataa:

```
libssl-dev : Depends: libssl3 (= 3.0.2-0ubuntu1)
  but 3.0.2-0ubuntu1.10 is to be installed
```

Aptitude ikipewa ombi hilo, kwa kawaida pendekezo la kwanza ni kuacha kila kitu kilivyo. Ukikataa, la pili linaweza kuwa kushusha `libssl3` hadi toleo la `3.0.2-0ubuntu1`. Ukikubali, `libssl-dev` inaingia na unafurahi. Lakini umerudisha maktaba ya usimbaji fiche kwenye toleo la Aprili 2022, bila marekebisho ya usalama yaliyokuja baadaye. Chanzo cha kweli kilikuwa kwingine: mstari wa `jammy-updates` umezimwa kwenye `/etc/apt/sources.list`, hivyo apt haioni `libssl-dev` inayolingana na maktaba uliyonayo. Uwashe, `sudo apt update`, na ombi linapita bila kushusha chochote. Kwenye 24.04 mipangilio hiyo ipo `/etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources`, na neno la kutafuta ni `noble-updates`.

Kwa sababu hiyo tunaithamini aptitude zaidi kama mchunguzi kuliko kama fundi. `aptitude why-not fulani` hueleza ni kifurushi gani kinachozuia, kwa uwazi ambao apt haikupi.

Bando na muda. MB chache kuisakinisha. Kuchambua mapendekezo huchukua dakika kumi hadi ishirini.

Hatari. Ya kati. Pendekezo linaweza kuondoa vifurushi vingi au kuvishusha. Neno `Downgrade` au `Remove` lisipite bila wewe kujua sababu.

Inamfaa nani? Waandishi wa programu wenye PPA nyingi na maktaba za `-dev`. Anayependa vitufe kuliko terminali aangalie Synaptic, ambayo nayo ina chaguo la kutengeneza vifurushi vilivyovunjika kwenye menyu ya Edit.

## 3. Snap au Flatpak

Inafika kwenye chanzo? Hapana, inalizunguka. Na kulizunguka si kosa kama unahitaji kufungua waraka leo na apt itangoja kesho. Snap na Flatpak hubeba maktaba zao zenyewe, kwa hiyo ugomvi wa vitegemezi hauwahusu. Snap imekwishawekwa kwenye Ubuntu na haipitii dpkg inaposakinisha, maana yake `sudo snap install gimp` hufanya kazi hata apt ikiwa imelala chali. Flatpak ni tofauti: kwenye Ubuntu inataka kwanza `sudo apt install flatpak`, hivyo apt ikiwa mbovu umechelewa. Kwenye Linux Mint mambo yamegeuka: Flatpak ipo tayari na Snap imezuiwa.

Zisichoweza ni mambo ya ndani ya mfumo. Draiva ya printa, kerneli, `build-essential` na `libssl-dev` vitabaki kazi ya apt.

Bando na muda. Hapa ndipo gharama ilipo. Flatpak ya kwanza huvuta pia mazingira ya GNOME au KDE yenye mamia ya MB. Zinazofuata huyatumia hayohayo, kwa hiyo huwa nafuu. Snap nayo hutafuta masasisho mara nne kwa siku, jambo linaloweza kumaliza bando la simu bila wewe kufungua chochote. Lizuie:

```
sudo snap set system refresh.metered=hold
nmcli connection modify "JinaLaWiFi" connection.metered yes
```

Amri ya kwanza huiambia Snap isijisasishe kwenye mtandao wa kupimia. Ya pili huutambulisha mtandao wako kuwa wa aina hiyo. Ukifika penye intaneti ya ofisi, endesha `sudo snap refresh` mwenyewe.

Hatari. Kwa mfumo, ndogo sana. Usumbufu uko kwenye matumizi: programu imefungiwa isione mafaili yote, na wengi hudhani flashi yao imeharibika kwa sababu GIMP ya Snap haiioni. Dawa ni `sudo snap connect gimp:removable-media`. Diski pia hujaa haraka, kwa kuwa Snap hutunza toleo lililopita la kila programu.

Inamfaa nani? Mwenye haraka na bando la kutosha, na anayetaka toleo jipya kuliko lililo kwenye hazina. Flatpak ina faida moja ya pekee kwenye kompyuta ya chuo au ofisi: ikiwa fundi ameshaiweka, `flatpak install --user` haiombi nywila ya msimamizi.

## 4. Kusakinisha mfumo upya

Inafika kwenye chanzo? Inakifuta bila kukujulisha kilikuwa nini. Kama chanzo kilikuwa PPA mbovu, ukiirudisha PPA hiyo kosa linarudi nayo. Kama chanzo ni diski inayokufa, umepoteza siku nzima. Kwa hiyo kabla ya kufuta chochote, endesha `sudo dmesg | grep -i "i/o error"`. Ikitoa mistari inayotaja diski yako, nakili mafaili yako upesi na ununue SSD. Hakuna amri itakayoiponya.

Upande mwingine, kuna mifumo iliyochanganywa mno: hazina za Debian ndani ya Ubuntu, nusu ya vifurushi vya 22.04 na nusu vya 24.04, toleo la muda lililokwisha msaada wake wa miezi 9 na sasa kila anwani inatoa 404. Huo wa mwisho unaweza bado kuokolewa kwa kuelekeza anwani kwenye `old-releases.ubuntu.com` na kupanda toleo hatua kwa hatua, lakini kuanza upya mara nyingi huwa ni haraka zaidi.

Bando na muda. Faili la ISO la Ubuntu Desktop 24.04 linakaribia GB 6, na masasisho huja juu yake. Tenga nusu siku. Hakiki ISO kwa `sha256sum` kabla ya kuiandika kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, maana upakuaji uliokatika huzaa usakinishaji unaogoma nao.

Hatari. Kubwa kuliko zote kwa mafaili yako. Nakili folda yako yote ya nyumbani kwenye diski ya nje, pamoja na mafaili yaliyofichwa. Wengi hunakili `.mozilla` wakidhani wameokoa alamisho na nywila za Firefox, kumbe tangu 22.04 Firefox ya Ubuntu ni Snap, na wasifu wake upo `~/snap/firefox/common/.mozilla/firefox`. Andika pia orodha ya ulivyosakinisha kwa `apt-mark showmanual > orodha.txt`, uiweke kwenye diski hiyohiyo ya nje.

Inamfaa nani? Mwenye nakala ya mafaili yake, bando kubwa na mfumo uliovurugwa kwa miaka. Anayeanza asiikimbilie kwa kosa la kufuli au la umeme kukatika.

## Kulingana na hali yako

Kama `dpkg --audit` imetaja vifurushi, anza na njia ya kwanza hata ukiwa umepanga nyingine, kwa sababu kwenye Ubuntu aptitude na Flatpak zote zinahitaji apt nzima. Kama imekaa kimya na kosa ni la vitegemezi, tazama mistari ya `updates` kwenye hazina, kisha aptitude ikueleze kinachozuia.

Una kikao baada ya saa moja na programu ya picha haingii? Chukua Snap, kisha tengeneza apt jioni. Ni draiva ya printa? Snap haitakusaidia, rudi kwenye `term.log`.

Bando lako ni MB 500 hadi mwisho wa wiki: njia ya kwanza, na aptitude kama kosa ni la vitegemezi; hizo nyingine mbili hazitoshi humo kwa uhakika. Ukipita sehemu yenye Wi-Fi, endesha `sudo apt install --download-only fulani`. Vifurushi vitakaa kwenye diski, na ukifika nyumbani utasakinisha bila mtandao.

Kompyuta haiwaki hadi kwenye dawati lakini diski ni nzima: flashi ya Ubuntu inakuwezesha kwanza kuokoa mafaili, na hata kuingia ndani ya mfumo wa zamani kwa `chroot` na kuendesha `dpkg --configure -a` humo. Jaribu hilo kabla ya kubonyeza kitufe cha kufuta.

Kwa maabara ya shule yenye kompyuta ishirini hesabu ni tofauti. Mashine moja ikigoma, kusakinisha upya kunakubalika, kwa kuwa mafaili ya wanafunzi hayapaswi kukaa humo na flashi ni ileile. Kinachouma ni masasisho kupakuliwa mara ishirini. Weka `apt-cacher-ng` kwenye kompyuta moja, kisha kwenye zilizobaki unda faili `/etc/apt/apt.conf.d/00proxy` lenye mstari huu, ukibadilisha namba ziwe za kompyuta hiyo:

```
Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
```

Kifurushi kitapakuliwa mara moja, na kumi na tisa zilizobaki zitakichukua kwenye waya wa humohumo darasani.